Ludwigia nyekundu imejaa kikopo: nihamishe bonge zima la mizizi au nikate ncha?

MtunzaGapi (Mombasa)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na salamu pia kwa ndugu walio mbali.

Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 ambamo ninafuga samaki wadogo aina ya gapi na konokono wachache. Sikuweka mchanga wala changarawe chini, kwa sababu napenda kufyonza uchafu kwa urahisi ninapobadilisha maji, kwa hiyo mimea yangu yote imo ndani ya vyombo vinavyosimama juu ya kioo. Miezi michache iliyopita nilinunua kikopo kimoja cha mmea ambao muuzaji aliuita Ludwigia repens. Ni kikopo kidogo cha plastiki chenye matundu pembeni, na mashina yake yameshikiliwa na sufi ya mawe ya kijivu badala ya udongo. Majani yamekaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kila kifundo. Upande wa juu yana rangi ya shaba, upande wa chini ni mekundu, na yale ya kileleni yaliyo karibu na taa ni mekundu pande zote mbili.

Mmea huu unakua kwa kasi ambayo sikuitarajia. Umefika juu ya maji na kuanza kulala, mizizi imetoka kwenye matundu yote ya kikopo, na mizizi mingine myeupe imeota katikati ya mashina na kuning'inia majini. Majani ya chini yamedondoka, hivi kwamba nusu ya chini ya mmea imebaki mashina matupu. Zaidi ya hayo, kikopo chenyewe sasa ni chepesi mno kwa mzigo wake, na kikiguswa tu na mkondo wa chujio huanguka.

Ningependa kuuhamishia kwenye chungu kikubwa zaidi. Je, nitoe bonge zima la mizizi na kulipachika katika chungu kipya, kama tunavyofanya kwa maua ya barazani, au kuna njia nyingine? Nijaze nini ndani ya chungu? Jirani yangu amenishauri nitumie udongo mwekundu uliochanganywa na samadi kidogo, kwa hoja kwamba udongo mwekundu utayafanya majani yawe mekundu zaidi. Maji yangu ni ya kisima, ni magumu kiasi cha kuacha ukoko mweupe kwenye birika, na wakati wa kaskazi joto la tangi hufikia nyuzi 29.

Natanguliza shukrani.

BustaniMaji (Dar es Salaam)

Waaleikum salaam, ndugu. Bonge la mizizi liache, kata ncha.

Mmea wa nchi kavu uliojaa chungu huhamishwa pamoja na udongo wake kwa sababu mizizi ndiyo inayoutafutia maji, na ikijeruhiwa, majani hunyauka kabla mizizi mipya haijaota. Ludwigia iliyozama haina shida hiyo, kwani imezungukwa na maji pande zote, majani yake yana uwezo wa kufyonza virutubisho moja kwa moja kutoka majini, na kila kifundo cha shina kinaweza kutoa mizizi yake. Ile mizizi myeupe unayoiona ikining'inia ni uthibitisho wa jambo hilo, wala si dalili kwamba mmea una njaa au kwamba chungu kimeubana. Kwa ufupi, mmea huu hupandwa kama matembele: unakata, unachomeka, unasubiri.

Sehemu bora ya mmea wako kwa sasa ni sentimita 10 hadi 15 za juu, ambazo zimekua katika mwanga wa kutosha na zina majani kamili. Mashina matupu ya chini hayatarudisha majani pale yalipodondoka. Yatatoa machipukizi ya pembeni, lakini urefu ule mtupu utabaki vile vile hata ukiuhamishia chungu kikubwa namna gani. Ndiyo maana kuhamisha bonge zima, katika hali yako, ni kuhamisha tatizo pamoja na chungu.

Tumia mkasi mkali, ukate chini kidogo ya kifundo, kisha uondoe majani ya vifundo viwili vya chini, maana majani yakifukiwa huoza na uozo hupanda kwenye shina. Chomeka kila shina peke yake kwa kibano, likiwa limeinama kidogo na limezama sentimita 3 au 4, halafu uachie kibano taratibu huku ukikitoa kwa pembe tofauti na ile uliyoingilia, la sivyo shina litafuatana nacho. Mashina ya mmea huu yana nafasi za hewa ndani yake na hupenda kuelea. Pembe hiyo ndiyo inayoyazuia. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya shina na shina. Watu wengi huchomeka kifungu kizima katika tundu moja kwa sababu kinapendeza siku ya kwanza, lakini mashina ya katikati hukosa mwanga na maji yanayotembea, na baada ya wiki chache hali inarudi pale pale ulipo sasa. Kama kuna mwenzetu aliyenunua kifungu kilichofungwa kwa utepe wa risasi au mpira, na autoe kabla ya kupanda, kwa kuwa hubana shina na kuliozesha mahali hapo.

Sufi ya mawe haina virutubisho vyovyote. Kazi yake ni kushika mizizi katika vitalu, ambako mimea hii mara nyingi hukuzwa juu ya maji na kunyunyiziwa mbolea. Ukikata ncha, hutahitaji hata kuigusa. Ukitaka kuokoa mashina ya chini, ifungue ikiwa imelowa, ndani ya beseni, kwa vidole vilivyovaa glavu au kwa kibano, kwa sababu nyuzi zake zikikauka huwasha ngozi na hazifai kuvutwa puani. Vipande vidogo vilivyong'ang'ania mizizini si lazima uvitoe vyote. Kata mizizi hiyo pamoja navyo.

Mizizi mipya kwa kawaida huonekana ndani ya wiki moja hivi. Katika kipindi hicho baadhi ya majani yatafifia, na jambo la kutazama ni ncha: ikiendelea kutoa majani mapya, mmea umeshika. Usiuvute kuuhakikisha.

Mzee wa Kokoto (Nairobi)

Ninakubaliana na BustaniMaji kuhusu ncha, ila sikubaliani na dokezo kwamba sehemu ya chini ni ya kutupwa, na ningependa ndugu yetu asikate mmea wote kwa mara moja.

Tangi lake halina mchanga, lina samaki, na kwa maelezo yake mmea huu ndio unaokua kwa kasi. Maana yake ni kwamba Ludwigia hii inamsaidia kufyonza amonia na naitreti zinazotokana na kinyesi cha gapi, na gapi, kama tunavyojua, hawachelewi kuzaana. Akiukata wote leo, kwa wiki moja au zaidi atakuwa na vipandikizi visivyo na mizizi vinavyojishughulisha na kuota badala ya kula, huku taa ikiendelea kuwaka kwa nguvu ile ile na virutubisho vikirundikana majini. Mwani haukosi nafasi ya namna hiyo. Ushauri wangu ni kukata nusu ya mashina, kuyapanda katika chungu kipya, na kuiacha nusu nyingine ikielea au ikisimama katika kikopo cha zamani hadi zile ncha zitakapoanza kurefuka. Baada ya hapo ndipo zamu ya nusu ya pili.

Kuhusu mashina ya chini, kila shina lililokatwa hutoa machipukizi mawili, na wakati mwingine zaidi, kutoka kwenye vifundo vilivyo chini ya jeraha. Mtu mwenye kikopo kimoja tu cha mmea, na anayetaka kujaza chungu bila kununua kingine, hana sababu ya kuzitupa hizo mali. Ni kweli kwamba baada ya kupogolewa mara kadhaa mashina ya chini hukomaa, hugeuka ya kahawia na machipukizi yake huwa membamba. Wakati huo ukifika, yang'olewe na nafasi yake ichukuliwe na ncha. Lakini ya ndugu yetu hayajapogolewa hata mara moja. Kama atalikata bonge hilo la sufi vipande viwili au vitatu na kuvizika katika kingo za chungu kipya, huku ncha zikikaa katikati, atapata kichaka kilichojaa mapema zaidi kuliko kwa ncha peke yake.

MtunzaGapi (Mombasa)

Nawashukuru sana nyote wawili. Nitaanza na nusu, kama alivyoshauri Mzee wa Kokoto, na nitafuata maelekezo ya kuchomeka shina moja moja.

Bado sijapata mwanga kuhusu chungu chenyewe. Nina vyungu vya udongo wa kufinyangwa vyenye tundu moja chini, upana wa mdomo kama sentimita 14. Je, vinafaa, na nivijaze nini? Ninaweza kupata mchanga wa pwani karibu na nyumbani, mchanga wa mto kutoka kwa wauza vifaa vya ujenzi, na huo udongo mwekundu wa jirani. Mbolea za dukani sijanunua bado.

UdongoNaMaji (Tanga)

Ndugu MtunzaGapi, kwa kuwa mimi pia nipo pwani na ninatumia vyungu ndani ya matangi, naomba nichangie hapa.

Vyungu vya kufinyangwa ni vizuri kuliko plastiki kwa sababu ya uzito wake, ilimradi havijapakwa rangi wala kung'arishwa na havikuwahi kuwekewa dawa za bustani. Loweka chungu usiku kucha. Tundu la chini lifunikwe kwa kipande cha kigae au jiwe bapa, ili udongo usivuje lakini maji yaweze kupita kidogo, na jiwe hilo litakuongezea uzito wa chini ambao kikopo chako kinaukosa.

Mchanga wa pwani uache pale pale ulipo. Una chumvi, na hata ukioshwa hadi chumvi yote itoke, sehemu kubwa yake katika fukwe zetu ni vipande vya matumbawe na makombe, yaani kalsiamu kabonati, ambayo itazidi kuyafanya magumu maji ambayo tayari ni magumu. Kama una shaka na mchanga wowote, dondoshea siki au maji ya ndimu: ukitoa povu, una chokaa. Mchanga wa mto kwa kawaida hufaa. Uchekeche, uchukue punje za milimita 2 au 3, na uuoshe mpaka maji yawe safi. Ule mlaini kama unga hushikamana na kuzuia maji kupenya.

Sasa udongo. Ludwigia hula kwa majani na kwa mizizi, kwa hiyo inaweza kukua katika mchanga mtupu ikiwa majini mna virutubisho, lakini katika chungu chenye udongo chini ya mchanga utaona tofauti ya unene wa mashina. Udongo wa kawaida wa shambani unatosha, usio na samadi, usio na mbolea ya chumvichumvi na usio na mabaki ya dawa. Uchekeche utoe vijiti na mizizi, uuloweke, umwage maji pamoja na vinavyoelea, uuanike ukauke, kisha urudie mara kadhaa. Kuloweka na kuanika kunawapa bakteria nafasi ya kumalizia kuozesha mabaki ya mimea nje ya tangi badala ya ndani yake. Weka tabaka la sentimita 3 la udongo huo, kisha sentimita 3 za mchanga wa mto juu yake, usipungue hapo. Lowesha vyote kabla ya kuingiza chungu tangini, na ukishushe polepole kikiwa wima. Vipandikizi vichomekwe kwenye mchanga. Mizizi itaufuata udongo yenyewe.

Samadi ya jirani ikatae kwa heshima, na vilevile mbolea za urea au DAP kama mtu atakushauri. Zote zitatoa amonia, na kwako hatari ni kubwa kuliko kwa mtu wa Limuru au Lushoto. Amonia majini huwa katika hali mbili, moja ikiwa na sumu kali kwa samaki na nyingine ikiwa na madhara madogo, na kila pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu hupungua) inapopanda kwa kipimo 1 sehemu ile yenye sumu huongezeka takriban mara 10. Joto nalo huiongeza. Maji magumu ya kisima chetu cha pwani mara nyingi huwa na pH ya juu, na ukiongeza nyuzi 29 za kaskazi, kiasi cha amonia ambacho gapi wa Nairobi angekivumilia kinaweza kumuua wa Mombasa.

Jambo jingine ni kwamba udongo uliofunikwa kwa muda mrefu hukosa oksijeni, na katika hali hiyo bakteria hutengeneza haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Ikitoka kidogo kidogo hupata oksijeni majini na kupoteza nguvu, lakini ukifumua chungu cha zamani ndani ya tangi unaitoa yote kwa pamoja, ikiwa imefuatana na uchafu. Kwa hiyo kila utakapobadilisha udongo siku zijazo, toa chungu kizima nje kwanza, ukifumue kwenye ndoo, kisha ubadilishe sehemu ya maji ya tangi. Konokono wenye gamba refu lililochongoka, wale wanaojifukia mchana, husaidia kuupekecha mchanga; kama wa kwako ni hao, wathamini.

Naongeza neno moja kwa wasomaji wengine: msichote tope wala mimea kwenye mabwawa na mifereji. Konokono wa maji baridi wa jamii za Bulinus na Biomphalaria ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na mtu anayezamisha mikono tangini kila wiki hana haja ya kuwakaribisha nyumbani.

Mhamiaji wa San Marcos (Texas, Marekani)

Nawasalimu kutoka ugenini. Nimesoma mjadala huu kwa furaha kwa sababu mmea mnaouzungumzia ni mwenyeji wa hapa ninapoishi. Ludwigia repens ina asili yake kusini mwa Marekani, Meksiko na visiwa vya Karibi, na hapa Texas inaota katika mto San Marcos na mto Comal, ambayo yote miwili inatokana na chemchemi za maji yanayopita katika miamba ya chokaa.

Ndugu wa Mombasa, hilo likutoe wasiwasi kuhusu maji yako. Maji ya chemchemi hizi ni magumu, na bado Ludwigia inastawi ndani yake, tena ikiwa na rangi nzuri. Tofauti yake na tangi lako iko kwingine: joto la maji hapa huwa karibu nyuzi 22 au 23 mwaka mzima, maji yanatembea muda wote, yana hewa ya ukaa nyingi kwa sababu yametoka chini ya ardhi, na jua linafika hadi chini kwa kuwa ni maangavu na sehemu nyingi si ya kina kirefu. Kwa hiyo ugumu wa maji usiuhangaikie. Hangaikia mwanga, hewa ya ukaa na lile joto la kaskazi. Nyuzi 29 haziui mmea huu, lakini maji yenye joto hubeba gesi pungufu, na mmea hukua kwa pupa ukitoa pingili ndefu na majani machache. Kufungua mfuniko wa tangi na kuelekeza feni ndogo kwenye uso wa maji hushusha joto kwa nyuzi kadhaa.

Kuhusu vyungu kuna jambo la kuvutia. Katika mito hii miwili wanaishi samaki wadogo waitwao kitaalamu Etheostoma fonticola, ambao serikali ya Marekani iliwaorodhesha kuwa hatarini kutoweka mwaka 1970, na hutumia vichaka vya mimea ya majini kama makazi. Katika kazi ya kuurudisha uoto wa asili, mimea ya kigeni kama Hydrilla na Hygrophila polysperma imeng'olewa, na miongoni mwa mimea iliyopandwa badala yake ni Ludwigia hii. Vipandikizi hukuzwa kwanza ndani ya vyungu vidogo vilivyopangwa katika trei zinazozamishwa majini, na hupandwa mtoni vikiwa na bonge lake la mizizi. Sababu yake ni mkondo: kipandikizi kisicho na mizizi kingesombwa siku hiyo hiyo. Nadhani hapo ndipo hoja ya BustaniMaji na ya Mzee wa Kokoto zinapokutana, kwani bonge la mizizi lina thamani pale mmea unapopaswa kujishikilia tangu siku ya kwanza, na kama chungu kitakaa mbele ya chujio, basi anza na kile chenye mizizi na uziweke ncha upande uliotulia.

Nawaomba pia masalia ya kupogoa yasitupwe mtoni wala mtaroni. Yaanikeni yakauke kabisa au yatumike kama mboji. Huko Ulaya jamaa wawili wa mmea huu, Ludwigia grandiflora na Ludwigia peploides, wamepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2016 kwa jinsi walivyoziba mito na mabwawa, na watu wa Kisumu na Mwanza hawahitaji kuelezwa na mtu wa Texas hasara ya gugumaji.

MtunzaGapi (Mombasa)

Mmenifungua macho. Nitatumia mchanga wa mto na udongo wa shambani ulioloweshwa na kuanikwa, na chungu cha ncha nitakiweka mbali na chujio. Swali la mwisho, mkiniwia radhi: je, ile hoja ya udongo mwekundu haina ukweli wowote? Na je, nitegemee wekundu kupungua baada ya kuhamisha?

BustaniMaji (Dar es Salaam)

Ina ukweli nusu. Wekundu wa majani hauji kwa mmea kunyonya rangi ya udongo, bali ni anthosayanini, yaani rangi ya asili ambayo mmea wenyewe huitengeneza, hasa unapopata mwanga mkali, na inaaminika kwamba huyakinga majani dhidi ya mwanga unaozidi mahitaji. Ndiyo sababu majani yako ya juu ni mekundu pande zote na ya chini yana rangi ya shaba. Udongo mwekundu una madini ya chuma kwa wingi, lakini chuma hicho kimeshikana na oksijeni, ni kutu kwa maneno mengine, na mizizi huipata tu pale udongo unapokosa hewa ya kutosha ndani ya chungu. Ukichanganya kiganja kimoja katika udongo wa shambani hutaharibu kitu, na mmea utafaidika kwa muda mrefu. Ukijaza chungu kizima, utapata tope zito linalochafua maji kila unapochomeka shina, na majani hayatakuwa mekundu zaidi kwa sababu hiyo.

Wekundu utapungua kwa muda, ndiyo, kwa sababu ncha zilizokuwa zimegusa taa zitashushwa chini ya tangi. Usijaribu kufidia kwa kuongeza saa za taa. Kwa wiki mbili za mwanzo ni afadhali upunguze hadi saa 6 kwa siku, maana kipandikizi kisicho na mizizi hakiwezi kutumia mwanga wote na mwani utautumia badala yake. Baadaye rudi kwenye saa 8. Majani yatakayoota katika nafasi mpya yatafuata mwanga wa nafasi hiyo, kwa hiyo kama taa yako ni dhaifu kufikia chini, pandisha chungu juu ya jiwe bapa. Hiyo ni faida ya vyungu ambayo wenzetu wenye mchanga tangi zima hawana.

Wapo wanaopunguza naitreti makusudi ili majani yawe mekundu zaidi, na kwa baadhi ya mimea ya shina njia hiyo hufanya kazi. Kwako siipendekezi, kwanza kwa sababu gapi wako hawataacha kuizalisha, na pili kwa sababu Ludwigia ikikosa naitrojeni huyatoa sadaka majani ya chini, nayo ndiyo malalamiko yaliyokuleta hapa.

Chuma ukiongeze pale tu dalili za upungufu zinapoonekana, na dalili yenyewe huanzia juu: majani mapya yanatoka yamepauka ilhali mishipa yake imebaki na rangi. Majani ya zamani yakitoboka vitundu vidogo, tatizo ni potasiamu, na hapo chuma hakitasaidia. Utakaponunua chuma katika duka la pembejeo, uliza kile kilichoshikwa na DTPA, kemikali inayozuia chuma kisigeuke kutu majini. Kile cha EDTA, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni rahisi kukipata, lakini katika maji yenye pH ya juu kama ya kwako hakidumu. Chuma huachana nacho na kugeuka kutu kabla mmea haujakitumia. Anza na kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa kwa ajili ya mashamba, kiwe cha kufikisha takriban miligramu 0.1 kwa lita moja ya maji ya tangi, na usome lebo kuhakikisha kwamba hakikuchanganywa na shaba, kwa sababu konokono wako hawataivumilia.

Na kuhusu hewa ya ukaa aliyoigusia ndugu wa Texas, chupa ya sukari na hamira inatosha kwa tangi la ukubwa huo ukitaka kujaribu, ila kwa joto la Mombasa hamira itafanya kazi kwa kasi siku za mwanzo na kuzimika mapema. Anza na hamira kidogo sana, na usiku toa mpira wa hewa nje ya tangi, kwa sababu taa ikizimwa mimea huacha kuitumia hewa hiyo na samaki ndio wanaotaabika. Subiri kwanza hadi ncha zishike mizizi kabla ya kuifunga.